Maswali na majibu: kijana mwenye presha na mazoezi ya vyuma

Shikamoo daktari. Nina miaka 26. Nilipokwenda kuchangia damu nilipimwa presha ikawa 144/92, na nilipopimwa tena siku nyingine mbili ikawa karibu na hapo. Mwalimu wa jimu amenikataza vyuma, anataka nikimbie tu. Je, ni sahihi?

Marahaba. Si sahihi, ingawa alikukataza kwa nia njema na hofu yake ina asili. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima watunisha misuli watano kwa mrija uliopitishwa ndani ya mshipa wa damu, wakati wanasukuma mzigo mzito kwa miguu yote miwili. Presha yao ilipanda hadi wastani wa 320/250, na ya mmoja wao ikavuka 480/350. Namba hizo zinatisha kweli, na madaktari wengi wa zamani walizichukua kuwa sababu ya kutosha ya kumkataza mgonjwa wa presha asinyanyue kitu kizito. Lakini wale walikuwa wanasukuma mizigo mizito kupindukia huku wamebana pumzi, na presha ya namna hiyo hushuka ndani ya sekunde chache baada ya mzigo kuachiwa. Inayoumiza moyo, figo na ubongo ni ile unayoishi nayo usiku na mchana kwa miaka, na hiyo ndiyo ambayo mazoezi ya nguvu huipunguza.

Mwaka 2023 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 270. Mazoezi ya vyuma yalishusha namba ya juu ya presha kwa takriban 4.5, karibu sawa kabisa na kukimbia na mazoezi mengine ya kukufanya uheme, na yale ya kukaza misuli bila kuisogeza yakaishusha kwa takriban 8. Kwa hiyo endelea kukimbia, au kutembea kwa kasi, ufikishe angalau dakika 150 kwa wiki, na siku mbili au tatu ufanye mazoezi ya nguvu.

Sina fedha za kulipia jimu. Nianzeje nyumbani, na uzito uwe kiasi gani?

Ukuta unatosha kuanzia. Egemeza mgongo ukutani, sogeza nyayo mbele, kisha teremka taratibu mpaka uwe kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Kaa hivyo dakika mbili, simama upumzike dakika mbili, urudie hadi zitimie mara nne, siku tatu kwa wiki. Mapaja yakianza kutetemeka kabla ya dakika mbili, usijilazimishe; wiki za mwanzo kaa juu zaidi ukutani. Ongeza pushapu, na dumu dogo la maji la kunyanyua kwa mikono. Uzito unaokufaa ni ule unaoweza kuunyanyua mara 10 hadi 15, ukaweka chini huku ukijua kwamba mbili tatu zaidi ungeziweza.

Jambo ambalo naomba ulishike kuliko yote ni pumzi. Mtazame mtu anayepandisha dumu la lita 20 ngazini: amefunga mdomo, mishipa ya shingo imemtoka, kifua kimekakamaa. Ukibana pumzi namna hiyo, shinikizo la ndani ya kifua hujumlika na lile la misuli inayobana mishipa ya damu, na presha huruka. Toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha. Vijana ninaowafundisha nawaambia wahesabu kwa sauti, hata wakiwa wameegemea ukuta, kwa sababu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Mikono yangu imejaa kwa mazoezi. Je, inaweza kudanganya kipimo?

Ndiyo. Mkanda wa kawaida wa kipimo hutengenezwa kwa mkono wenye mzingo usiozidi sentimita 32 hivi. Ukibana mkono mnene, namba husomeka juu kuliko ilivyo. Omba mkanda mkubwa. Kaa umetulia dakika tano kabla ya kupimwa, na usipimwe mara baada ya mazoezi au kahawa.

Nimeandikiwa vidonge. Nikianza mazoezi niviache?

Usiviache. Namba zikishuka, aliyekuandikia ndiye atakayeamua kupunguza. Presha yako ikiwa 180/110 au zaidi, usiguse vyuma kwanza, nenda hospitali. Na ukipata maumivu ya kifua, kichwa kuuma kwa ghafla au kuona ukungu, acha papo hapo na utafute matibabu.

Baada ya mazoezi mwili huniuma, nami hunywa diklofenaki. Rafiki pia amenipa poda ya kuongeza nguvu. Kuna ubaya?

Upo. Diklofenaki na dawa za jamii yake, ikiwemo ibuprofeni, hufanya mwili uhifadhi chumvi na maji, hivyo hupandisha presha na kuzilemea figo, na inasikitisha kuona zinavyonunuliwa dukani kama peremende. Poda nyingi za aina hiyo zina kafeini nyingi, na sindano za homoni za kujaza misuli ni mbaya zaidi. Kijana wa umri wako akiwa na presha, mara nyingine chanzo ni figo zenyewe. Omba upimwe mkojo na damu kuangalia figo, na umtajie daktari kila unachokunywa, poda hiyo ikiwemo.