Kabla hujanunua lupu, jipime kwanza

Jumanne usiku nimepata meseji ya kijana mmoja wa Likoni, yuko mwaka wa tatu, anasomea udaktari wa meno huko Nairobi. Ameandika hivi: "Dada daktari, ami ameniahidi pesa ya lupu. Nichukue za mara 3.5 ama za mara 5? Muuzaji anasema nikichukua za mara 5 sitajuta." Nikaisoma mara mbili, nikajikuta nimeshika shingo.

Nilitaka kumjibu mstari mmoja nikashindwa, nikaona heri niandike yote hapa maana najua mko wengi mlio kama yeye, na nyote mnataka kile nilichokitaka mimi, kuona vizuri, kufanya kazi safi, na mgonjwa akilala kwenye kiti ahisi yuko na daktari kamili. Kwa ambaye hajaziona, lupu ni ile miwani yenye vidarubini viwili vya kukuza, hizo "mara" ni kiasi inachokuza, na taa ya kichwa ni kile kitaa kidogo kinachokaa katikati ya macho, juu ya pua.

Mama yangu ni fundi cherehani, Majengo ya Mombasa. Mwaka wangu wa tatu ulikuwa mwaka mzuri kwake, Idd ilikuwa karibu na madira yalikuwa yamejaa kitanda kizima, akanitumia shilingi 10,000 kwa M-Pesa akaniambia nunua hiyo miwani yako. Mimi nikaongeza 8,000 za HELB, ule mkopo wa wanafunzi. Muuzaji alikuja chuoni na mkoba wake, akaufungua juu ya meza kwenye korido, tukapanga foleni tukiwa tumesimama kila mtu anajaribu. Nilipovaa nikaangalia kiganja changu, mistari ya mkono nikaiona mipana kama njia za magari, basi akili yote ikaniruka. Nikamuuliza hizi zinanitosha? Akasema saizi ni moja kwa wote, utazoea. Zilikuwa za mara 3.5. Pembeni ya kidarubini palikuwa na namba ndogo imeandikwa, 340, na mimi sikuuliza 340 ni ya nini.

Sasa nikwambie ni ya nini. Lupu haioni kila mahali. Imetengenezwa ione vizuri kwa umbali fulani tu kutoka kwenye jicho, ukisogea karibu zaidi picha inafifia na ukirudi nyuma inafifia. Kuna nafasi kidogo ya kucheza mbele na nyuma, na nafasi hiyo inapungua kadiri nguvu ya kukuza inavyoongezeka. 340 ni milimita, yaani sentimita 34. Mimi ni mrefu, nyumbani tangu utotoni wananiita mnazi. Nikikaa wima, mabega yametulia, viwiko viko ubavuni, kutoka jicho langu mpaka jino la mgonjwa ni sentimita 47. Kati ya 34 na 47 kuna sentimita 13, na hizo 13 nilikuwa nazilipa kwa shingo, kila siku, kwa muda wa saa nne hadi tano, nimejikunja juu ya mdomo wa mtu.

Muhula haujaisha nikaanza kuamka usiku vidole vinawashawasha kama vimelaliwa. Kichwa kinaniuma kisogoni. Mwalimu mmoja akapita nyuma yangu siku ya kliniki akasema kwa sauti, mgonjwa anasikia na wenzangu wanasikia, "Vua hizo, hizo ni za maonyesho, jifunze kwanza kutumia macho." Nikavua. Niliingia chooni nikalia, na sioni haya kusema nililia. Yule mwalimu aliona mgongo wangu umepinda, alijua tatizo ni nini, angeweza kunivuta kando akaniambia mwanangu hizi hazikufai, umbali si wako. Badala yake akaniaibisha. Muuzaji nilimpigia mara kadhaa, mwisho simu ikawa haiingii kabisa. Ikiwa wewe unayesoma ni mwalimu, tafadhali usimfanyie mwanafunzi hivyo.

Likizo nikashuka na treni mpaka Miritini, nikafika nyumbani nikawa nalala chini kwenye mkeka kwa sababu godoro linaniumiza. Mama akaniangalia siku mbili hivi bila kusema, naye shingo anaijua, cherehani imemkula yake. Siku ya tatu akachukua tepu yake shingoni akaniambia, hebu kaa unavyokaa kazini. Nikakaa kwenye kistuli, mdogo wangu tukamlaza kichwa kwenye mto mapajani mwangu, akafungua mdomo. Mama akaweka ncha ya tepu kwenye kona ya jicho langu, akaivuta mpaka kwenye jino la mdogo wangu. 47. Akasema haya vaa hiyo miwani yako sasa. Nikavaa, nikainama mpaka nikaona vizuri, akapima tena. 34. Akakunja tepu akaniambia, "Mwanangu, hii ni nguo ya mtu mwingine."

Watu wananiuliza kampuni gani, nguvu gani, bei gani, na mimi nawauliza umbali wako ni ngapi, hawajui! Utanunuaje kitu cha kuvaa miaka kumi bila kujipima? Mtu hapeleki kitambaa kwa fundi akamwambia nishonee tu, utakisia. Pimwa ukiwa umekaa, kwenye kistuli cha urefu unaoutumia, mikono iko pale inapofanya kazi, si kwenye korido ukiwa umesimama. Kisha upimwe umbali wa mboni na mboni, maana vile vidarubini visipokaa sawasawa na mboni zako utaona duara mbili badala ya moja, na ukilazimisha, jioni macho yanakuuma mpaka kwenye paji.

Kitu kingine ambacho mimi hakuna aliyeniambia ni mteremko. Vidarubini vinatakiwa vitazame chini ili macho ndiyo yashuke na kichwa kibaki juu. Vikitazama mbele moja kwa moja, basi itabidi uinamishe kichwa chote ndiyo uone, hata kama umbali ni sahihi. Wanaofundisha mambo ya mkao wanasema kichwa kisiinamishwe zaidi ya digrii 20 hadi 25. Mwambie rafiki akupige picha kutoka ubavuni ukiwa umevaa, uone mwenyewe. Siku hizi zipo pia zenye prizimu zinazopinda mwanga kabisa, unakaa umetazama mbele na bado unaona mdomoni, ila bei yake ni kali na kuzizoea kunachukua muda, na kwa mwanafunzi mimi sioni haraka.

Kuhusu nguvu nitasema na mtaninunia. Anza na mara 2.5. Najua mwenzako ana za mara 5. Nguvu ikiongezeka eneo unaloona linapungua, na picha inaingia giza. Kwa mara 2.5 unaona meno kadhaa kwa pamoja, unajua uko wapi mdomoni, mkono unajifunza. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu na mara 5 anaona jino moja, akitikisa kichwa kidogo limepotea, analitafuta kama mtu aliyeangusha sindano kwenye zulia. Halafu zile za nguvu kubwa ni za aina ya Kepler, ndani zina lenzi nyingi na prizimu, ndefu na nzito, uzito wote unakaa puani. Za Galileo ambazo ndizo za mara 2.5 ni nyepesi. Mimi nilitumia mara 2.5 miaka minne ndipo mwaka jana nikaongeza za mara 4, kwa ajili ya kusafisha mifereji iliyo ndani ya mizizi ya jino tu.

Kuna zilizochomekwa ndani ya kioo chenyewe na kuna za kupandisha na kushusha kwa bawaba. Za ndani ya kioo ni nyepesi na unaona eneo pana zaidi, lakini zimetengenezwa kwa uso wako tu, huwezi kumwazima mtu, na namba ya macho ikibadilika zinarudi kiwandani. Za bawaba unaweza kuzirekebisha. Mwanafunzi ambaye bado hajui atakaa vipi kazini, bawaba si aibu, mradi umbali uwe wako. Na usitishwe na maneno ya muuzaji, chukua karatasi ya hesabu yenye mistari ya miraba, iangalie kupitia lupu. Mistari ikipinda ukingoni, au ukiona rangirangi za zambarau pembeni, rudisha kabla hujalipa.

Sasa taa, na hapa ndipo wengi mnabana pesa mahali pasipofaa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namwuliza mama kwa nini cherehani ina kitaa chake kidogo na chumba kina balbu. Akanionyesha: balbu ya darini ukiinama kichwa chako chenyewe kinaweka kivuli kwenye kitambaa, kile kitaa kiko pale pale sindano inapoingia. Mdomo ni hivyo hivyo. Taa ya kiti inatoka juu, mkono wako, kichwa chako, kioo chako, vyote vinaweka kivuli. Taa ya kichwa ikikaa sambamba na macho yako, popote unapotazama mwanga uko hapo hapo na kivuli hukioni. Mimi naamini mwenye lupu ya mara 2.5 na taa nzuri anaona kuliko mwenye mara 5 bila taa.

Wauzaji watakutajia luksi, kile kipimo cha mwanga, nyingi sana, waulize zimepimwa kwa umbali gani, maana mwanga hupungua kadiri unavyosogea mbali. Rangi ya mwanga tafuta kama ya mchana, ambayo kwa kipimo chake ni kelvini 5,000 hadi 5,500. Zile nyeupe za kuelekea bluu zinadanganya rangi ya jino na ufizi. Na lazima, lazima iwe na kichujio cha rangi ya chungwa. Nikiwa intani nilikuwa naziba jino la mbele la dada mmoja aliyekuwa anaolewa wiki hiyo, taa yangu haikuwa na kichujio. Kompositi, ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, inagandishwa na mwanga wa bluu, na taa nyeupe ina bluu ndani yake. Nikiwa bado naitandaza nikahisi spatula inavuta, nikibonyeza inavunjika vipande kama kashata. Nikatoa yote, nikaanza upya, na yule dada amelala pale mdomo wazi ana mambo chungu nzima ya kwenda kufanya.

Ya waya au isiyo ya waya? Ya waya betri inakaa kiunoni, uzito hauko puani, ila waya unanasa kwenye mkono wa kiti. Isiyo ya waya inakufurahisha mpaka saa ya tatu pua ikianza kuchubuka. Mimi natumia ya waya na naupitisha ndani ya koti. Chochote utakachochukua, uwe na betri mbili. Kuna siku ya mvua mzizi wa gego la chini ulinivunjikia ndani, ndio nimeuona ncha yake, stima ikapotea mtaa mzima na jenereta ikachelewa. Mama wa watu akashtuka, "Daktari, stima imepotea?" Nikamwambia tulia mama, mimi naona. Nikautoa.

Na ninyi wa pwani kama mimi, unyevu wetu usiudharau. Mwenzangu aliacha zake kwenye droo miezi michache, alipozitoa ndani ya lenzi mna nyuzinyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, na zimeingia ndani ambako hazifutiki. Weka kwenye kopo lenye kifuniko kizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye viatu. Usizitumbukize majini, usizipulizie dawa moja kwa moja, futa tu kwa kitambaa chenye dawa. Ukungu wa pumzi unatoka juu ya maski, bana ule waya wa puani vizuri, bandika plasta juu yake ikibidi.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja, mvuvi, gego la kwanza la juu limesafishwa mizizi kwingine na bado linamuuma usiku. Alishaamua kung'oa. Nikamwomba nifungue nitazame kwanza. Watu wengi gego hilo lina mifereji minne ingawa mara nyingi mtu anaona mitatu. Nikavaa za mara 4, nikawasha taa, mkao wangu wima kabisa, nikaparuza taratibu kamgongo kadogo ka jino kando ya mfereji wa mbele, na pale kwenye sakafu ya ndani ya jino pakatokea nukta moja ya kijivu, ndogo kuliko tundu la sindano. Nikaingiza faili ya namba 8, kile kijisindano chembamba cha kusafishia mfereji, ikazama. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, msaidizi wangu akacheka kwa furaha. Jana mzee amepiga simu, analala usiku kucha. Niliambiwa ni za maonyesho, na jino la mzee yule bado liko mdomoni mwake.

Kwa hivyo mdogo wangu wa Likoni, pesa ya ami usiitoe bado. Muuzaji akikuharakisha na ofa inayoisha Ijumaa, mwache aende nayo. Ukija likizo vuka na feri upite kliniki Jumamosi baada ya saa nane, wagonjwa huwa wamepungua. Kistuli kipo, na tepu ya mama iko kwenye droo yangu ya juu, ya manjano, namba zimefutikafutika lakini 47 inasomeka. Njoo na mtu wa kulala kwenye kiti afungue mdomo.