Akiba yao ilikuwa watu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, maisha ya wawindaji na wakusanyaji yana lolote la kutufunza sisi tunaotaka kuishi bila kuimaliza dunia? Nimekaa nalo siku tatu, kwa kuwa jibu linalokuja mdomoni haraka silo ninaloliamini. Jibu la haraka ni kuwasifu kwamba wanakula vya porini, hawana plastiki na hawakati miti hovyo. Hayo ni matokeo. Ninachotaka kukiandika ni chanzo chake, yaani namna wanavyoweka akiba.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini nyama inaoza. Mwindaji aliyeangusha mnyama mkubwa anaweza kukausha minofu kadhaa, ila hawezi kubeba mnyama mzima kutoka kambi hadi kambi. Kwa hiyo anagawa. Na anagawa akijua kesho yake ilivyo: watafiti waliohesabu siku za uwindaji za Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, waliona kwamba mwindaji mmoja alipata mnyama mkubwa takriban mara moja katika siku 30. Siku nyingine zote anarudi mikono mitupu, au na asali, au na mnyama mdogo. Wangemtegemea yeye peke yake, mkewe na watoto wangelala njaa. Wanaishi kwa mizizi, ubuyu na matunda yanayoletwa zaidi na wanawake, na kwa nyama ya mwindaji mwingine ambaye leo ndiyo siku yake.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Wasan, wawindaji wa jangwa la Kalahari, wale wanaojiita Ju/'hoansi, mpakani mwa Botswana na Namibia. Wana desturi iitwayo hxaro. Mtu anampa mwenzake zawadi, mara nyingi shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na mwenzake harudishi papo hapo. Anakaa nayo miezi, pengine zaidi, kisha anatuma yake, huku ile ya kwanza ikiwa imeshapelekwa kwa mtu mwingine. Deni halifungwi, na wala halikusudiwi kufungwa, maana linapokuwa wazi ndipo undugu unapokuwa hai. Wengine wana wenza wa hxaro umbali wa kilomita 200.

Mwanaanthropolojia Polly Wiessner aliyeichunguza desturi hii alikuwako mwaka 1974 mavuno ya njugu za mongongo, chakula chao kikuu, yalipoharibika. Watu walianza kutengeneza zawadi kwa wingi, na kila mmoja akisema amewakumbuka ndugu zake wa mbali. Muda si mrefu karibu nusu ya kambi walikuwa wamehamia kwa wenza wao, kwenye maeneo ambako bado kulikuwa na chakula. Sikuona ghala wala mkopo katika simulizi hiyo. Kuna shanga tu, na miaka mingi ya kukumbukana.

Ndiyo maana wanaweza kumiliki vichache. Tumezoea kuwaza kwamba ni watu wa kujinyima, au kwamba wana hekima fulani ya kudharau mali. Sidhani. Mali wanayo, ila imewekwa mahali pengine. Sisi tunarundika vitu kwa sababu hatuna uhakika na jirani, na kila nyumba inajiandaa kwa hofu yake yenyewe. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2024, chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 na nyumba, migahawa na maduka kilifika tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Sehemu ya chakula hicho kilinunuliwa kiwepo tu, isije ikatokea kikakosekana.

Naomba nisieleweke kwamba kugawana huko ni upole mtupu. Mtu hangoji ukarimu wako. Anakuja na kudai. Aliyeficha nyama au tumbaku husemwa mchoyo mbele ya watu, na kusemwa huko kunauma. Kuna hata utaratibu wa kuuzuia uwezo wa kugawa usikae kwa mtu mmoja. Kwa Ju/'hoansi, mwenye kusimamia mgao wa nyama ni mwenye mshale uliompiga mnyama kwanza, si aliyeurusha. Na kwa kuwa mishale huazimwa na kupeanwa, mwenye nyama anaweza kuwa mzee aliyebaki kambini. Mwindaji hodari hapati nafasi ya kujikweza kwa kuwa kila mara analisha wengine kwa jina la mtu mwingine. Natamani wapangaji wa sera za mazingira wangelitafakari hilo kwa muda mrefu kuliko wanavyotafakari ubunifu wa vifungashio.

Sisemi turudi porini. Katika jamii hizi watoto wengi hufa kabla ya kukua, na mtu aliyemzika mtoto hawezi kuambiwa huo ni uendelevu. Wala si kila mwindaji alikuwa mlinzi wa viumbe: binadamu walipofika New Zealand karibu karne ya 13, moa, wale ndege wakubwa wasioruka, waliisha katika karne moja au mbili. Hata ile habari maarufu ya mwanaanthropolojia Richard Lee, kwamba Wasan aliowachunguza mwaka 1964 walitafuta chakula kwa saa 12 hadi 19 tu kwa wiki, ina upande wa pili. Baadaye yeye mwenyewe alijumlisha kazi za kuandaa chakula na kutengeneza zana, na hesabu ikapita saa 40. Isitoshe, dunia ina watu zaidi ya bilioni nane, na mwitu hauwezi kutulisha sote.

Kinachowezekana ni kuhamisha sehemu ya akiba yetu kutoka vyumbani kwenda kwa watu. Nyumba sita tulizo karibu tulikubaliana miaka miwili iliyopita tusinunue tena kila mmoja chake: ngazi moja, keekee moja, toroli moja, mashine moja ya kukatia nyasi. Kila kitu kina mwenyewe, lakini mwenyewe hana haki ya kukinyima. Mwaka wa kwanza toroli lilirudi gurudumu limepinda na hakuna aliyejitokeza. Tulinuniana wiki kadhaa, na mpango ulikaribia kufa. Uliokoka siku tuliyokaa na kusemana wazi, kwa sauti za juu, kama wanavyosemana kambini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ugomvi ule ni sehemu ya gharama, na gharama hiyo inalipwa kwa maneno badala ya chuma na mafuta. Chakula nacho kinachobaki jioni tunakitangaza kabla hakijalala.

Kuna jambo moja swali lenu halikuligusa. Tunawazungumzia watu hawa kana kwamba ni habari ya kale, ilhali wapo, na ardhi inaponyoka mikononi mwao. Waogiek, wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau nchini Kenya, walikwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Mei 2017 wakashinda. Mahakama ilikataa hoja kwamba kuhifadhi msitu kulihalalisha kuwafukuza, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi mwaka 2011, na leo sehemu ya mapato yao inatokana na biashara ya hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa ile inayotunzwa na misitu yao kwa kutokatwa. Nimefurahi kusoma hilo kuliko sifa zozote wanazopewa. Hxaro na mgao wa nyama haviwezi kuishi mahali ambapo hakuna pa kuchimba mizizi, na hakuna kambi ya pili ya kuhamia mwaka wa njaa.

Kwa hiyo ombi langu kwa jarida ni kwamba swali hili lipelekwe Yaeda na Mau, lijibiwe na wenyewe, na majibu yao yachapwe kwa urefu huu huu mliotupa sisi.

Msomaji wenu