Maswali yenu: panya ndani ya gari

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinahusu magari yaliyotafunwa yakiwa yameegeshwa. Nimechagua chache zinazobeba maswali ya wengi.

Shikamoo fundi. Gari langu lilikaa wiki tatu bila kutembea. Nilipoliwasha injini ilitetemeka, na taa za dashibodi zikawaka. Nimeambiwa ni panya. Anatafuta nini mle, na chakula hamna?

Marahaba. Anatafuta pa kulala. Chini ya boneti pana giza, hapana upepo, na injini ikizimwa hubaki na joto kwa saa kadhaa. Kwa chini gari liko wazi, na panya mdogo hupenya tundu la milimita 6 tu. Akishaingia huchana lile sponji la kuzuia kelele, akajitengenezea kiota, mara nyingi ndani ya boksi la kichungio cha hewa. Tena meno yake ya mbele hayaachi kukua hadi anakufa. Ya panya mkubwa hukua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na huyapunguza kwa kuyasaga na kutafuna. Waya ulio mbele yake ndio unaoumia. Huhitaji kuwa mchafu ili upatwe na haya. Kulala kwa gari wiki tatu mahali pamoja kunatosha.

Ni kweli kwamba nyaya za magari ya siku hizi zina soya, ndiyo maana panya wanazipenda?

Baadhi ya watengenezaji hutumia malighafi ya soya kwenye ganda la nyaya, na Marekani wapo wenye magari walioishtaki Toyota kwa sababu hiyo. Mimi sikubali kwamba soya ndiyo chanzo. Panya walikuwa wakitafuna nyaya za plastiki ya kawaida na mipira ya maji miaka mingi kabla ya hapo. Kule Mineral King, katika hifadhi ya Sequoia huko California, marmoti, ambao ni jamaa wa kindi, hutafuna mipira ya rejeta na nyaya, hata wageni huyafunika magari yao kwa maturubai kuanzia chini. Honda nao wana tepu yenye kapseisini, ule ukali wa pilipili, ya kuzungushia nyaya. Hiyo inasaidia pale ilipofungwa tu. Panya anaweza kusogea sentimita chache akaendelea.

Nimejaza naftalini, nimepulizia mafuta ya mnanaa, nimenunua na kifaa cha kutoa mlio. Bado wapo!

Pole sana, dada. Toa naftalini leo. Mvuke wake ni sumu, na kipuliza hewa huuvuta hadi ndani wanakokaa watoto. Mnanaa hukauka upesi, na mvua au joto la injini humaliza kilichobaki. Kuhusu vifaa vya mlio, mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 ikiwataka wawe na ushahidi wa kisayansi wa wanachokitangaza. Panya huuzoea mlio. Fedha hiyo nunua mitego ya kubana. Weka siagi ya karanga kidogo, na uiegemeze ukutani upande wa chambo, maana panya hupita kandokando ya ukuta. Panya wakubwa huogopa kitu kigeni, kwa hiyo iache siku chache ikiwa na chambo bila kuitega, wakishazoea ndipo uitege.

Na sumu je?

Usiweke ndani ya gari. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Atakwenda kufia kwenye njia za hewa, na harufu hiyo utalazimika kufungua dashibodi ili kuiondoa. Paka au bundi akimla naye huumia.

Nimekuta kiota na vinyesi. Nifagie tu?

Hapana, na hapa nakuomba usifanye haraka. Vinyesi na mkojo wa panya huweza kubeba virusi vya hanta na homa ya leptospira, na vumbi lake ukilivuta ndiyo hatari yenyewe. Usifagie vikavu, usipulize kwa kompresa, wala usiwashe kipuliza hewa. Fungua milango yote uache hewa ipite. Vaa glavu. Changanya bliichi sehemu moja kwa maji sehemu tisa, lowesha kabisa, subiri dakika tano, ndipo uokote kwa karatasi na kufunga kwenye mfuko. Kwenye injini tenganisha betri kwanza, na usimwagie maji viunganishi vya umeme. Kichungio cha hewa ya ndani kitupe, weka kipya.

Fundi ameunganisha waya uliotafunwa kwa kusokota na tepu. Inatosha?

Haitoshi. Mwambie auchomee kwa risasi ya kulehemu, kisha avishe mpira unaobana kwa joto. Msokoto wa tepu hulegea kwa mtetemo, na waya ulio uchi ukigusa bodi unaweza kuwasha moto. Ukisikia harufu ya petroli usiwashe gari kabisa, kwa sababu mipira ya mafuta nayo hutafunwa. Kama gari ni la umeme, nyaya za rangi ya machungwa zina volti za kuua, waachie wenye mafunzo.

Nasafiri miezi miwili. Niliacheje gari?

Toa kila punje ya chakula, hata mfuko wa chakula cha mbwa ulio kwenye buti. Liegeshe mbali na nyasi ndefu, kuni na mapipa ya taka. Weka mitego kulizunguka, na uache ufunguo kwa mtu wa kuikagua, kufungua boneti na kuliendesha gari angalau mara moja kwa wiki. Soma pia mkataba wa bima yako kabla ya kuondoka. Bima ya mtu wa tatu hailipi uharibifu huu. Ile kubwa mara nyingi hulipa, ila zipo zinazowataja panya kwa jina kwenye orodha ya visivyolipwa.