Je, "Wahotentoti" ni Jina la Kitaalamu?

SWALI: Ninafundisha historia sekondari. Katika vitabu vya zamani, wafugaji wa Rasi ya Tumaini Jema wanaitwa "Wahotentoti". Mwenzangu anasema hilo ni jina la kitaalamu tu, kwa kuwa Waholanzi hawakujua wenyeji walijiitaje. Je, nilitumie?

JIBU: Mwalimu, usilitumie. Hoja ya mwenzako naisikia kila mara, na haina msingi. Mholanzi Jan van Riebeeck alifika Rasini mwaka 1652, na katika shajara yake yamo majina ya jamii za wafugaji hao, Wagoringhaiqua, Wagorachouqua na Wacochoqua, ambao alikuwa akitafuta kununua ng'ombe wao, na ambao baadhi yao walipigana naye baadaye kwa sababu ya malisho. Waholanzi majina waliyajua. Lililoenea ni lile la dhihaka, ambalo kwa maelezo yanayotajwa zaidi liliiga sauti za vidoko (za kudokoa kwa ulimi) za lugha yao kana kwamba ni kigugumizi.

Tena halikuishia vinywani mwa mabaharia. Mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeainisha viumbe, aliwaingiza watu hao, kwa jina hilohilo, katika kundi la binadamu aliowaona wa maumbile ya ajabu, Homo monstrosus. Mwaka 1809 gavana wa Kiingereza, Caledon, alitoa tangazo lililomtaka kila Mkhoikhoi, yaani kila mmoja wa wafugaji hao, awe na makazi yaliyosajiliwa na abebe cheti kila atokapo wilaya moja kwenda nyingine, hata aliyekwisha kunyang'anywa malisho akabaki hana njia ila kumtumikia mlowezi. Masharti hayo yaliondolewa mwaka 1828. Mwaka 1810 Sara Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi, alipelekwa London, akaonyeshwa kwa kiingilio chini ya jina hilo. Alipofariki Paris mwaka 1815, Cuvier, mwanasayansi wa Kifaransa, aliupasua mwili wake, na mabaki yake hayakurudishwa Afrika Kusini hadi 2002.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaojiita watafiti, wanaowabandika Wasandawe na Wahadzabe wetu wa Tanzania jina hilo eti kwa kuwa nao wana vidoko. Huo si utafiti hata kidogo. Kihadza chenyewe wanaisimu wengi wanakihesabu kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Nao wanaonakili na kutafsiri vitabu vya kikoloni wajue kwamba kiambishi "wa-" hakilisafishi tusi. Nukuu ya sheria iachwe ilivyo, ndani ya alama za nukuu na pamoja na mwaka wake. Kwa maneno yako mwenyewe andika Wakhoikhoi, na pale unapoijua jamii hasa, andika Wanama, Wagriqua au Wacochoqua.