Admin anaingia, wateja hawaingii

SWALI: Habari za kazi mkuu. Natengeneza saiti ya duka la vipuri vya pikipiki kwa Django (mfumo wa Python wa kutengeneza saiti), nimekwama kwenye kulogini. Akaunti yangu niliyoifungua kwenye terminali kwa createsuperuser inaingia fresh kwenye ukurasa uleule wa wateja, ila mteja akijisajili kwenye fomu yangu anasajilika vizuri tu, jina lake naliona kabisa kwenye admin, afu akija kuingia anaambiwa jina au neno la siri sio sahihi. Viu ya kulogini (kodi inayoshughulikia ukurasa huo) nimeiandika upya mpaka nimechoka, authenticate, ile inayokagua jina na neno la siri, inarudisha None tu, yaani hakuna mtu. Nisaidie.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mkuu hiyo viu ya kulogini iache ilivyo, ingekuwa mbovu hata wewe usingeingia. Wewe na wateja mnaingilia sehemu moja ila hamkusajiliwa njia moja, kwa hiyo kaangalie usajili.

Fungua sheli ya Django, mchukue mteja mmoja umwite u, afu uprinti u.password. Ukiona inaanza na pbkdf2_sha256 ikifuatiwa na alama za dola na herufi ndefu zisizoeleweka, hapo pako sawa. Ukikuta neno la siri limekaa hivyohivyo kama alivyoliandika, jibu umelipata. Nina uhakika karibu wote kwamba umetumia User.objects.create au umeseivu ModelForm (fomu inayotokana na modeli ya databesi) moja kwa moja, na zote mbili zinaweka kile zilichopewa bila kukigusa. Mtu akija kuingia Django inategemea kukuta heshi, yaani neno la siri lililogeuzwa kuwa herufi zisizosomeka, ili ilinganishe na alichoandika, inakuta maandishi ya kawaida, haiyatambui, inamkatalia hata kama kapatia kila herufi. Yako ilipita kwenye createsuperuser ambayo inatengeneza heshi yenyewe.

Dawa ni kutumia create_user, au kwenye fomu yako anza na save(commit=False), kisha user.set_password(...) kisha user.save(), na hiyo save ya mwisho usiisahau maana set_password peke yake haiandiki chochote kwenye databesi. Mimi ningetumia tu UserCreationForm iliyokuja na Django, sioni sababu ya kujitesa.

Wateja ulionao tayari, pita mmoja mmoja kwa lupu: u.set_password(u.password) afu u.save(), LAKINI ruka wote ambao tayari wanaanza na pbkdf2_, usipowaruka utaiheshi heshi na wa kwanza kufungiwa nje ni wewe mwenyewe. Na bakapu zozote za databesi zenye maneno ya siri ya watu yako wazi, zifute leo, watu wanatumia neno hilohilo mpaka kwenye imeili zao.

Ukikuta heshi ipo na bado wanagoma, angalia is_active, alama inayosema akaunti imewashwa au imezimwa. Kama uliiweka False ukisubiri mtu athibitishe imeili, Django inarudisha None ileile bila kukwambia sababu. Kingine ni simu: kibodi inaweka herufi kubwa mwanzoni yenyewe, na kwa Django Juma na juma ni watu wawili. Kwenye inputi ya jina weka autocapitalize="none", na kama unasoma request.POST moja kwa moja piga strip() kwenye jina ikate nafasi za pembeni, maana nafasi ya mwisho haionekani kwa macho.

SWALI: Saiti yangu ya Django kwa laptopu inaingia poa, nikaipandisha kwa seva sasa kila nikilogini narudishwa palepale pa kulogini, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Ni nini hii?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapo neno la siri limekubaliwa, kinachopotea ni kuki, kile kipande kidogo cha data ambacho brauza inakihifadhi ili saiti ikukumbuke. Bonyeza F12 kwenye brauza, nenda kwenye orodha ya kuki utafute sessionid, kuki inayokumbuka kwamba umelogini. Kama haipo kabisa, angalia settings, mara nyingi unakuta SESSION_COOKIE_SECURE ni True wakati seva bado iko http, brauza inaikataa hiyo kuki kimyakimya. Usiigeuze iwe False, weka https, cheti cha Let's Encrypt ni bure. Kama sessionid ipo ila bado unarudishwa, tazama kama unalogini kwenye anwani yenye www afu unapelekwa isiyo na www, kuki ya moja haiendi kwa nyingine, kwa hiyo chagua moja na Nginx (programu inayopokea maombi kwenye seva, kama unaitumia) iwe inawarudisha watu wote huko.