Swali la lugha: "Epi" ya episentri na "epi" ya epidemia ni moja?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa kemia na biolojia hapa Goma, anayejiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Anaandika: "Mwalimu, salamu nyingi. Darasani tunasoma kwa Kifaransa: épicentre, épidémie, épiderme, épilepsie. Tuliambiwa épi maana yake ni 'juu ya'. Kwa épicentre na épiderme naelewa. Lakini épidémie iko juu ya nini? Na kifafa kiko juu ya nini? Tena redioni nasikia mara 'kitovu cha tetemeko', mara 'episentri ya Ebola'. Nishike lipi?"

Aliyekufundisha hakukudanganya, mwanangu, ila alikupa nusu. Epi ya Kigiriki kweli huanzia kwenye "juu ya". Sasa itazame "juu ya" yetu wenyewe. Mtu wa Goma akisema "mama analia juu ya mtoto", huenda mama ameinama juu ya mwanawe, na huenda mtoto hayuko kabisa, yeye ndiye sababu ya machozi. Na ukiulizwa "juu ya nini unalia?" hakuna anayetaka kujua kama umekaa juu ya kiti au juu ya jiwe la volkano. Mtu wa Unguja angeuliza "kwa nini", lakini sisi huku tumeitanua "juu ya" mpaka ikabeba sababu. Wagiriki nao waliitanua epi yao: juu ya, karibu na, kati ya, baada ya, hata kumwangukia mtu. Ndiyo sababu huwezi kuisoma peke yake. Lazima usome na neno lililofuata.

Tuanze na lililo rahisi, ingawa ndilo linalotumiwa vibaya zaidi. Kentron kwa Wagiriki ilikuwa ncha kali, kama ile ya fimbo ya kuchokoa ng'ombe, kisha ikawa ncha ya bikari inayochomwa kwenye karatasi ili duara lichorwe. Hapo ndipo tulipopata "senta". Tetemeko halianzii juu ya ardhi. Mwamba hupasuka chini, mara nyingi kilometa kadhaa chini, na pale mpasuko unapoanzia huitwa hiposentri, kwa kuwa hypo ni "chini ya". Episentri ni nukta iliyo kwenye uso wa nchi, wima juu ya hapo. Kwa hiyo episentri yenyewe si chanzo cha tetemeko, ni paa la chanzo.

Na bikari imo hata katika kazi ya kuitafuta. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili: ya kwanza yana mbio, ya pili huja yakichelewa. Kadiri kituo cha kupima matetemeko kinavyokuwa mbali, ndivyo pengo kati ya kuwasili kwa mawimbi hayo linavyokua, na katika miamba ya karibu na uso wa dunia kila sekunde moja ya pengo ni kama kilometa 8 za umbali. Kituo kilichopata pengo la sekunde 5 kinachora duara la kilometa 40 kujizunguka. Kituo cha pili kinachora lake, na cha tatu lake. Maduara matatu yanapokutana, hapo ndipo episentri ilipo.

Sasa redio. "Kitovu cha tetemeko" ni Kiswahili kizuri, kitumie bila hofu. "Episentri ya Ebola" mimi siipendi. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa huku Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, tulisikia episentri ikiwa Mangina, kisha Beni, kisha Butembo na Katwa, kana kwamba inasafiri kwa pikipiki. Episentri ya tetemeko haihami. Tena si lazima iwe mahali palipoumia zaidi. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika kwa kipimo cha karibu 6, na kitovu kilikuwa upande wa kaskazini ya Bukavu. Nyumba zilibomoka Bukavu, lakini waliokufa walikuwa wengi zaidi ng'ambo, Rwanda. Kama unataka kusema ugonjwa umeshika sana mahali fulani, sema hivyo hivyo, "umeshika sana Beni", na kila mtu atakuelewa.

Juu ya tahajia: andika hiposentri, si haiposentri. Najua walioifuata sauti ya Kiingereza wana hoja yao, lakini msomaji wa Kiswahili akianza na "haipo" atajiuliza ni nini ambacho hakipo.

Ziwa letu pia lina epi yake. Limne ni ziwa, na epilimnioni ni tabaka la maji ya juu, yanayopigwa na upepo na kupata oksijeni. Chini yake ni hipolimnioni. Katika Ziwa Kivu, lenye kina cha meta 485 hivi pale penye kina kirefu zaidi, ni kama meta 60 za juu tu zinazochanganyika. Kutoka hapo kwenda chini hakuna oksijeni, maji yamejaa gesi ya metani na kaboni dioksidi, na samaki hawezi kuishi. Sambaza, wale samaki wadogo unaowala na ugali, wanaishi katika tabaka hilo la juu. Jina lao la kisayansi, Limnothrissa, lina limne ile ile ndani yake, ingawa hawakuzaliwa katika ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Epidermisi nitaipita haraka, kwa kuwa umeshaielewa: derma ni ngozi, na hii ni ngozi ya juu, isiyo na mishipa ya damu. Mkwaruzo usioivuka hautoi damu. Lakini kuna ndugu yake ambaye hukumtaja, na utamkuta kwenye fiche ya hospitali: épigastralgie. Gaster ni tumbo la chakula, algos ni maumivu, na epi inakuonyesha sehemu ya juu ya tumbo, chini tu ya mfupa wa kifua. Waswahili walishaipa jina zamani, chembe cha moyo. Jina zuri, lakini lina mtego, maana mgonjwa wa vidonda vya tumbo anafika na kusema "moyo unaniuma", na muuguzi asiyejua Kiswahili vizuri anakimbilia kupima moyo. Mwambie aonyeshe kwa kidole.

Sasa yale mawili yaliyokusumbua. Demos ni watu wa mahali, wenyeji. Epi hapa ni "kati ya". Wagiriki walisema epidemia hata kwa mtu aliyefika mjini akakaa, kabla neno halijawa la ugonjwa, na kati ya maandishi ya Hippocrates, tabibu wa Wagiriki wa kale, kuna vitabu vinavyoitwa hivyo, ambavyo ndani yake daktari anaeleza magonjwa mji kwa mji. Ni ugonjwa ulioingia kwa watu ukakaa nao. Jirani zake wanabadilisha kiambishi tu: en ni "ndani ya", pan ni "wote". Kipindupindu hapa Kivu ni endemia, kiko nasi mwaka hadi mwaka. Idadi ya wagonjwa ikipanda ghafla kupita kawaida, hapo ni epidemia. Kikienea nchi nyingi na mabara, ni pandemia. Kwa Kiswahili utasikia "mlipuko", na kwingine neno hilo halina shida. Huku kwetu usiliache peke yake. Ukisema "kuna mlipuko Sake", mmoja atatazama volkano ya Nyamulagira, mwingine atalala chini akihofia bomu, na wa tatu tu ndiye atakayechemsha maji. Sema mlipuko wa nini.

Epilepsia ni epi na kitenzi lambanein, kushika. Epi ya hapa ndiyo ile ya kuangukia: kitu kimemjia mtu kikamkamata. Tazama sisi tunavyosema, "kifafa kimemshika". Wazo ni lile lile, na hakuna aliyeiga mwenzake. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, katika maandishi hayo hayo ya Hippocrates, kuna andiko linalokana kwamba ugonjwa huu umetumwa na miungu, na linasema chanzo chake ni ubongo. Wapo mitaani kwetu ambao bado hawajafikiwa na habari hiyo.

Epi nyingine unaitamka kila Jumapili bila kuiona. Episkopos ni mwangalizi, anayetazama kutoka juu. Waarabu walilipokea wakalifanya usquf, nasi tukapata askofu. Epi yote imemezwa njiani.

Na kinyume chake, katika Kifaransa yako kuna épi ambazo hazihusiki. Épi ya mahindi, yaani suke, na épine, mwiba, ni za Kilatini. Épice, yaani kiungo cha chakula, nayo ni ya Kilatini. Epinari (spinachi) unazonunua katika soko la Virunga zimefika kutoka Kiajemi kupitia Kiarabu, Wagiriki hawamo.