Maswali Yenu: Mechi Moja, Nia Mbili

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zimetoka mitaa mitatu ya Nairobi, lakini zote zinahusu ugomvi mmoja, kati ya wanaocheza michezo ya mtandaoni ili kupumzika na wanaoicheza ili kupanda daraja. Tumezifupisha kidogo.

Swali: Mhariri, mimi ni mhasibu na ninaishi Donholm. Watoto wakishalala, kuanzia saa tatu usiku, huwa ninacheza Call of Duty: Mobile, mchezo wa vita wa kwenye simu, na binamu zangu wawili pamoja na mfanyakazi mwenzangu. Nilijiunga nao kwa sababu tulikuwa hatuonani, na hiyo ikawa njia yetu ya kupiga gumzo. Siku hizi binamu yangu mdogo, aliye chuo kikuu, hunifokea kila ninapouawa, husema ninawashusha renki, na juzi alinitoa kwenye kikosi bila kuniambia neno. Nikimjibu kwamba huu ni mchezo tu, hukasirika zaidi. Je, niache kucheza? — *Binamu Mkubwa, Donholm*

Jibu: Dada, barua yako haisemi mnaingia katika mechi za aina gani, lakini hilo neno "renki" limenipa jibu. Mchezo huo, uliotolewa Oktoba 2019, una mechi za kawaida, ambazo kushindwa kwake hakumshushi mtu daraja, na mechi za renki, ambazo kushindwa huweza kukata pointi. Mchezaji huanzia daraja la Rookie, akapanda polepole hadi Grandmaster na Legendary, na msimu ukiisha hurudishwa nyuma ili aanze kupanda tena. Kwa hiyo unapoingia katika mechi ya renki kwa nia ya kupiga gumzo, pointi zinazopotea si zako peke yako, na hasira ya binamu yako, ingawa haina adabu, ina msingi.

Nina hakika kelele nyingi unazipata katika mechi za aina ya Search and Destroy. Watano hukabiliana na watano, upande mmoja ukijaribu kutega bomu na mwingine ukilinda, na anayeuawa harudi uwanjani mpaka raundi inayofuata. Ukitoka mbio hadi kona ya kwanza huku ukisimulia mambo ya ofisini, ukapigwa risasi kabla ya raundi kushika kasi, wenzako wanne watapambana na watano, nawe utabaki mtazamaji mwenye maikrofoni iliyo wazi, ukiendelea na simulizi wakati aliyesalia anatega sikio ili asikie adui anatokea upande gani. Ninashuku hilo ndilo linalomuuma kuliko kule kuuawa kwako: sauti za nyayo ndizo habari pekee aliyobakiwa nayo, na gumzo lako linazifunika. Katika Team Deathmatch, ambamo anayeuawa hurudi baada ya muda mfupi, kosa hilo hilo lisingemsumbua mtu.

Hata hivyo, hayo hayampi ruhusa ya kukufokea. Mchezaji anayejua anachokifanya husema adui yuko wapi na wamebaki wangapi. Matusi hayamwambii mtu lolote la kumsaidia, na kikosi kinachofokewa huanza kuogopa lawama kuliko kinavyomwogopa adui. Kumtoa kwenye kikosi mtu unayemwita dada, tena kimyakimya, ni utovu wa nidhamu ambao renki haiwezi kuuhalalisha, na ningekuwa wewe ningemwambia hivyo ana kwa ana, si kupitia maikrofoni.

Kuhusu kauli yako kwamba huu ni mchezo tu, sikuungi mkono. Richard Bartle, Mwingereza aliyeshirikiana na Roy Trubshaw kuunda mchezo wa kompyuta wa watu wengi katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji wako makundi manne: wanaotafuta mafanikio, wanaotafuta kugundua, wanaotafuta watu wa kuongea nao, na wanaotafuta wa kuwashinda. Wewe ni wa kundi la tatu bila ubishi, na binamu yako ana mguu mmoja katika la kwanza na mwingine katika la nne. Bartle hakuliita kundi lolote kuwa ndilo linalocheza ipasavyo. Alichoonyesha ni kwamba kundi moja linapozidi nguvu, mengine huathirika, na watu wake huweza kuondoka.

Usiache kucheza. Kubalianeni kabla ya kuanza kwamba nusu saa ya kwanza ni ya mechi za kawaida na gumzo, kisha wewe na mfanyakazi mwenzako muage, binamu wabaki na renki yao. Usiku utakaotaka kuingia nao huko, zima maikrofoni mpaka uwe na la kusema kuhusu adui.

Swali: Mimi ni mmoja wa wale wanaolalamikiwa. Nina miaka 22, ninaishi Umoja, na bando ninalonunua ni la pesa za vibarua, kwa sababu ninataka kuingia mashindano. Mechi za renki hunikutanisha na watu wasiojua chochote, na wengine husimama tu katikati ya mechi. Je, mfumo una kasoro? Na kuna ubaya gani nikifungua akaunti mpya nicheze na wanaoanza, angalau nishinde? — *Mpanda Daraja, Umoja*

Jibu: Mifumo mingi ya kupima ustadi wa wachezaji ina mizizi katika hesabu ya Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, ambayo shirikisho la sataranji la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1960 na lile la kimataifa, FIDE, mwaka 1970. Anayemzidi mpinzani wake kwa pointi 400 hutarajiwa kupata takriban 10 katika kila alama 11 wanazogombania; akishinda huongezewa kidogo sana, akishindwa hukatwa nyingi. Lakini sataranji ni mmoja kwa mmoja. Katika kikosi cha watano mfumo huona zaidi nani ameshinda kuliko nani amembeba nani, na ndiyo maana mifumo ya baadaye, kama TrueSkill ya Microsoft iliyotumiwa katika mchezo wa Halo 3 mwaka 2007, huweka makadirio ya ustadi wako pamoja na kiwango cha shaka iliyonayo kuhusu makadirio hayo, kisha hupunguza shaka kadiri mechi zinavyoongezeka.

Kwa hiyo kasoro ipo katika mechi moja moja, ila hupungua katika mechi nyingi. Hesabu nafasi zilizopo. Ikiwa wewe mwenyewe si mzembe, kikosi chako kina nafasi nne za kupata mzembe, na cha wapinzani kina tano. Baada ya msimu mzima wazembe hao wamekusaidia mara nyingi kuliko walivyokuumiza, ingawa wale wa kwako ndio unaowakumbuka.

Na si kila anayesimama katikati ya mechi amezembea. Ujumbe husafiri ndani ya waya wa nuru kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake kila kilomita 1,000 kati yako na seva hula milisekunde 10 kwenda na kurudi, kabla ya mnara wa mtaani kuongeza ucheleweshaji wake. Utakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, jinsi hata mabingwa walivyoonekana wanafunzi.

Kuhusu akaunti mpya, jibu langu ni hapana, na hapo sitapepesa maneno. Julai 2024 kampuni ya Activision ilichapisha ripoti ya jaribio lililofanywa mapema mwaka huo katika mchezo wake wa Call of Duty: Modern Warfare III, ambapo ilipunguza uzito wa ustadi katika kupanga mechi bila kuwatangazia wachezaji. Kwa asilimia 90 ya wachezaji, kiwango cha kurudi kucheza kilishuka. Ni asilimia 10 ya walio hodari zaidi tu ndio waliorudi kwa wingi kuliko awali. Kampuni ina biashara yake ya kutetea, lakini sioni ajabu katika matokeo hayo. Wewe ukijificha katika akaunti ya mwanagenzi unalifanya jaribio lile lile kwa mikono yako: unapata raha ya usiku mmoja, na mtu aliyepakua mchezo wiki hii anaufuta. Isitoshe, huko hujifunzi lolote la kukusaidia mashindanoni.

Ikiwa wenzako wa kubahatisha wanakuchosha kabisa, tafuta wanne wa kudumu, au ingia michezo ya mmoja kwa mmoja. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, amejijengea jina katika Tekken, ambamo ukishindwa hakuna mwenzako wa kumlaumu.

Swali: Nina kibanda cha kuchezea PS (PlayStation) Githurai. Kanuni yetu ni kwamba mshindi anabaki na aliyeshindwa analipa. Vijana wawili hodari wa mechi za kandanda hushika padi jioni nzima, na wateja wengine wameanza kuhamia kwa jirani. Nifanyeje bila kuwafukuza hawa wawili? — *Mwenye Kibanda, Githurai*

Jibu: Kanuni yako inamtoza anayejifunza ili hodari acheze bure, na bado unashangaa kwamba anayejifunza amehama. Tenga televisheni moja iwe ya wenye kutaka kupimana, kwa kanuni hiyo hiyo ya zamani, na katika nyingine kila mtu alipe nusu yake na anayeshinda mara mbili mfululizo ainuke. Hata michezo mikubwa hutenga namna hii: Machi 2022 Fortnite iliongeza mechi zisizo na ujenzi wa kuta, kwa kuwa wenye vidole vyepesi walikuwa wakiinua minara mizima kabla mgeni hajajua risasi imetoka wapi, na mechi hizo zimebaki hadi leo kando ya zile za ujenzi.

Kisha tumia nyota. Timu katika michezo ya kandanda hupangwa kwa nyota, hadi tano. Hodari wako achague timu ya nyota mbili, mpinzani achukue ya nyota tano. Ukiona kijana bado anafunga manne kwa timu ya nyota mbili, mwandikishe katika mashindano, na hakikisha jina la kibanda limo kwenye jezi yake.